Bikwembe Saba ku Kakanda

Likasi, Kikula
Siku ya posho, 6/9/2025

Kwa mutoto yangu Viviane, MWALIMU,

Jambo sana. Neno ile ya mwisho pale juu nimeiandika, kisha nikaweka kalamu chini, nikaiangalia. Ni neno ya muzuri. Kama Alexis, shofele wa taxi-bus, amekuletea hii barua pamoja na majani ya sombe, umuambie aksanti. Kama ameleta barua peke yake, umuulize sombe iko wapi.

Uko namna gani? Unalala muzuri? Maji ya Kakanda haikuumize tumbo? Siye huku tuko na nguvu. Mugongo ya papa yako inamusumbua kidogo, lakini unamujua Mathieu, hata nyumba ikiwaka moto atasema paka "kuko joto". Minye niko muzima sana, nimenenepa hata, bantu banasema ni furaha.

Telefone yako kuanguka mu ndoo ya maji, minye sikulia. Ku telefone, nikianza kusema bintu ya maana, rezo inakatika. Ku karatasi hakuna muntu wa kunikata. Ni kweli niliachia masomo ku mwaka wa tano, lakini maandiko yangu, masere, basista ya shule yetu, balikuwa banaionyesha batoto bengine ili bapate haya.

Sikia sasa. Mu soko, ku meza yangu ya sombe na matembele, bote banajua uko mwalimu. Mama Jessica, ule wa nyanya, akaniuliza: "Viviane anafundisha darasa gani?" Nikamujibu: "Maternelle." Akavuta mudomo: "Aa, batoto badogo tu." Nikamuambia: "Mama Jessica, muntu mukubwa anajua tayari, kumufundisha ni kazi ya nani? Kumufundisha ule anayekojoa mu suruali, njo ualimu!" Alirudilia nyanya zake.

Uniandikie batoto ni ngapi, na directrice, mukubwa wa shule, ni muntu wa namna gani. Alexis anapita kwenu siku ya kwanza na siku ya tano, umupe barua pale.

Ni minye Mama yako,
Gertrude


Kakanda
Siku ya ine, 18/9/2025

Mama yangu,

Pokea salamu nyingi, wewe na Papa na mugongo wake. Sombe ilifika. Alexis alisema njiani ilikuwa inamunukia vizuri mpaka akafikiri kupotea nayo. Mimi ni muzima, maji hayaniumizi, nalala kama jiwe, juu ya vile watoto wananichokesha.

Wako makumi tatu na moja, wa miaka mine na mitano. Wengi baba zao wanafanya kazi ku mine, kuchimba shaba, wanakaa kule siku nyingi na kurudi siku ya posho. Directrice anaitwa Élisabeth. Si mubaya, lakini hacheki. Alinipokea kwa kujaribu mpaka sikukuu ya Noël, mwisho wa mwaka. Mama, nikuambie wazi: kabla ya Noël inspecteur wa masomo atakuja. Watoto wangu lazima wajue siku saba, wajue leo ni siku gani, jana ilikuwa gani, kesho itakuwa gani, na waonyeshe ku kalenda. Wakishinda, ninabakia. Wakishindwa, darasa inapewa mwengine na mimi ninarudi Kikula.

Na hawajui. Kuimba wanaimba, siku zote saba, toka siku ya kwanza mpaka siku ya posho na siku ya Mungu, mpaka unasikia raha. Lakini ukiuliza "Leo ni siku gani?", mumoja anasema siku ya kwanza, mwengine siku ya Mungu, na jana mutoto mumoja, Jeancy, alinijibu: "Leo ni bukari na samaki," akafikiri ninauliza chakula. Kalenda iko ku ukuta. Wanaangalia tu picha ya kamyo ya kubeba mawe iliyo pale juu.

Niombee, Mama.

Mutoto wako,
Viviane


Likasi, Kikula
Siku ya Mungu, 21/9/2025, kisha misa

Mutoto yangu,

Jambo, na usilie. Salamu ya papa yako, salamu ya lupango yote, bajirani na batoto yao. Tumekula, tumesali, tuko salama. Barua yako niliisoma mara tatu, na ku mara ya tatu dawa ilikuya mu kichwa yangu peke yake.

Weye ulijuaje siku ukiwa mudogo? Uliangalia minye! Niko na bikwembe saba ya muzuri, vitenge ya kujifunga, na kila moja iko na siku yake, tangu niliolewa. Bamama ya soko bananiangalia na banajua kama leo ni siku ya kulipa kodi ya meza. Basi, nakutumia bikwembe yote saba mu ile mufuko ya buluu. Saba, Viviane! Minye nitabakia na mbili ya zamani, ile ya kupikia. Mama mwengine atafanya vile? Sikumuona.

Siku ya kwanza, kikwembe ya majani.
Siku ya pili, ya samaki.
Siku ya tatu, ya taa.
Siku ya ine, ya ndege.
Siku ya tano, ya Bikira Maria, ya kundi yetu ya bamama.
Siku ya posho, ile nyekundu ya vyungu. Uwaelezee batoto kama wakati ya nkambo, baba ya papa yangu, kampuni ya mine ilikuwa inagawanya unga na chumvi ku batumishi ile siku ya sita, njo maana tunaita posho mpaka leo. Vyungu, unga, posho: hawatasahau.
Siku ya Mungu, ile kikwembe ya wax ya buluu ya ndoa yangu. Hiyo usikae nayo ku fasi chafu.

Uvae vile, kila siku, hata ku robine kuchota maji, hata ku kanisa, popote batoto banaweza kukuona. Kakanda ni mudogo, batakuona. Kisha uniandikie kama Gertrude wa mwaka wa tano ni mujinga.

Mama yako, ule wa akili


Kakanda
Siku ya ine, 16/10/2025

Mama yangu mwenye akili,

Jambo, jambo, jambo! Mugongo wa Papa unaendelea namna gani? Mimi niko na furaha mpaka nimeshindwa kula.

Inafanya kazi! Asubuhi nikifika ku mulango tu, watoto wanapiga makelele: "Samaki! Siku ya pili!" Siku ya tatu wananingojea njiani ili wawe wa kwanza kuona taa. Jeancy, ule wa bukari, sasa hakosei hata mara moja. Siku ya posho nilipokuwa ninachota maji, muzee mumoja alinisimamisha: "Madame, ni wewe mwenye vyungu? Mujukuu wangu amekataa kunawa uso. Anasema leo ni vyungu, hakuna masomo."

Directrice alikuja kusikiliza. Aliuliza siku ine mufululizo, siku ine wakajibu bila kosa. Hakucheka, lakini alisema "tiens", kama anashangaa. Kwa yeye ni mingi.

Nikivaa kikwembe cha ndoa yako, ninakaa juu ya karatasi safi.

Binti yako,
Viviane


Likasi, Kikula
Siku ya Mungu, 19/10/2025

Viviane wa mama yake,

Jambo sana, na ujiangalie na jua ya hii mwisho wa kiangazi, inapiga kichwa. Siye tuko muzuri, minye zaidi.

Nimesoma barua yako mu soko. Kwa sauti. Nilisimama juu ya kasha. Mama Jessica alisema "Gertrude, shuka, utaanguka", nikasema nikianguka nitaanguka na heshima. Nimebasomea mpaka ile "tiens". Bamama balipiga mikono. Mumoja aliniuliza kama hiyo masomo ya bikwembe inaweza kufika hata Lubumbashi. Nikasema: "Itafika. Na mutoto yangu, ungojee kidogo utaona, ile kiti ya directrice, yeye njo atakaa pale." Nilisema vile juu ni kweli.

Papa yako alisema: "Gertrude, funga kinywa." Hiyo njo maneno yote alisema tangu siku ya tano.

Ile kikwembe ya kupikia imeanza kupasuka ku kiuno lakini navaa na kiburi. Bantu bakiuliza, nasema: "Bingine yangu iko ku kazi."

Mama ya mwalimu mukubwa,
Gertrude


Likasi, Kikula
Siku ya Mungu, 9/11/2025

Mutoto yangu,

Jambo. Leo majuma tatu bila barua yako. Siku ya tano ya kwanza nilisema Alexis amesahau. Siku ya tano ya pili nilimukaripia mbele ya bantu. Siku ya tano ya tatu yeye mwenyewe aliangalia chini: "Mama, alinisalimia, lakini hakunipa kintu."

Uko mugonjwa? Ni malaria? Kuko mwanaume? Chochote iko, uandike. Mvua imeanza huku, paa inavuja ku ile fasi ya zamani. Papa yako anakula nusu ya sahani.

Sisemi tena mu soko. Banaulizia, nasema uko na kazi mingi.

Mama


Kakanda
Siku ya ine, 13/11/2025

Mama yangu,

Salamu kwako na kwa Papa. Sina malaria. Nilikuwa na haya. Sikujua namna ya kuandika.

Mvua ilinyesha hapa siku tatu mufululizo. Vikwembe vyote nilivyofua vilibakia maji. Siku ya pili, tarehe 21 mwezi wa kumi, ile ya samaki ilikuwa inatona bado. Kikavu kilikuwa kimoja tu, chekundu cha vyungu. Nikasema, ni nguo tu, nitawaelezea watoto.

Mama, sikufika hata mu mulango. "Vyungu! Posho! Posho!" Nikasema hapana, leo ni siku ya pili, kikwembe chengine ni maji. Walicheka. Walifikiri Madame anafanya mizaha. Ku mapumziko, watoto saba walibeba mifuko yao na kurudi kwao, juu siku ya posho hakuna masomo. Sita niliwafuata nikawarudisha. Wa saba hakuonekana. Anaitwa Providence, ana miaka mitano, na baba yake anarudi toka ku mine kila siku ya posho.

Tulimutafuta saa mbili nzima. Mama yake alikuja bila viatu. Tulipita ku robine, ku kanisa, ku mutoni, Mama, nilipita ku mutoni. Tulimupata ku parking ya magari, amekaa juu ya mufuko wa makala ya kuwasha moto, anakula muhogo wa kuchoma. Alikuwa anangojea papa yake. Na alikuwa amesema "leo ni posho" kwa nguvu mpaka muuza makala alianza kukunja vitu vyake ili afunge mapema, anajiuliza kama ni yeye ndiye amepoteza siku.

Watu walicheka, kisha mama ya Providence alianza kulia, na hakuna aliyecheka tena.

Directrice aliniita. Alisema: "Viviane, wewe hufundishi siku. Unafundisha mavazi." Na ni kweli, Mama. Watoto hawakujua siku hata moja. Walijua nguo. Kisha akafunga mulango akasema: "Na leki yangu, ndugu yangu mudogo, anauza samaki mu soko ya Kikula. Aliniambia mama yako amesimama juu ya kasha kutangaza kama utakaa mu kiti changu." Nilitamani kuingia mu udongo.

Inspecteur anatangazwa siku ya ine, tarehe 4 mwezi ujao. Ninabakia na majuma tatu. Asubuhi watoto wananiangalia nguo, mimi ninaangalia kando.

Viviane


Likasi, Kikula
Siku ya Mungu, 16/11/2025

Viviane, mutoto yangu,

Jambo ya pole. Aksanti kwa Mungu ule mutoto alipatikana. Nimewasha bougie ya kanisa kwa yeye na kwa mama yake bila viatu.

Barua yako ilifika siku ya tano. Ile siku nilikuwa na hasira na bantu bote: mvua, directrice, ule mushenzi wa samaki na mudomo yake. Nilisema bikwembe yangu haina kosa. Nilisema vile kutoka jikoni mpaka ku mulango na kurudi. Papa yako akaniacha nichoke. Kisha akasema: "Gertrude. Unakumbuka mwaka ulifua yote kwa mara moja? Ulivaa ile ya majani, nikabeba chakula, nikakwenda ku kazi. Ilikuwa siku ya Mungu. Mulinzi ananicheka mpaka leo." Viviane, nilikuwa nimesahau. Miaka makumi mbili na munane namudanganya muzee na nguo.

Basi ni minye. Niandike tena ili uone vizuri: NI MINYE. Kosa ya bikwembe ni yangu, na kosa ya kasha ni yangu mara mbili. Umuambie directrice, au ninaweza kuya kumuambia mwenyewe, hata na magoti.

Lakini sikuandika ili kulia. Sikia.

Jana maji ilitoka ku robine ya avenue yetu, nikakwenda na bidon ya kuchotea. Mulongo ya bantu banangojea ilikuwa mureefu. Batoto ndio walikuwa mingi, unajua, mama anatuma mutoto kushika fasi. Kulikuwa kasichana ka miaka ine, na bidon ya mafuta, ile ya litre tano. Mwanaume mumoja mukubwa akataka kupita mbele yake. Ule mutoto! "Papa, weye uko nyuma ya Yaya, huyu dada, Yaya iko nyuma yangu, minye niko nyuma ya Mama wa kofia, rudi!" Miaka ine! Hakuna muntu alimufundisha mu darasa. Anajua nani amechota, nani anachota, nani atachota kisha yeye. Bidon yangu ilianguka nikasema kwa nguvu: "Viviane!" Bantu baligeuka.

Unaona? Siku ni mulongo ku robine. Ule iko chini ya maji sasa, njo leo. Ule amemaliza, njo jana. Ule anafuata, njo kesho. Na akijaza anakwenda wapi? Anarudi nyuma ya mulongo na bidon yake, atachota tena kisha bengine sita. Hakuna wa kuruka.

Mangaribi nilichukua batoto saba ya lupango yetu, nikawapanga na bidon tupu ku nguzo ya jikoni, ile njo robine. "Weye siku ya kwanza, weye siku ya pili." Mara ya kwanza balipigana. Mara ya pili balicheka. Ku mara ya ine niliuliza, "Leo ni siku ya tano, jana nani?" na siku ya ine mwenyewe akainua bidon: "Ni minye!" Papa yako alitoka na kiti yake kuangalia.

Jaribu. Lakini weye njo mwalimu, si minye. Kama kuko kosa ndani, uitafute kabla ya batoto kuipata.

Mama yako, bila kasha,
Gertrude


Kakanda
Siku ya ine, 4/12/2025

Mama yangu, Papa yangu,

Jambo kwenu wote wawili! Kaa chini, Mama, mbele ya kusoma. Na Papa akae pia, kwa mugongo.

Nianze ku mwanzo. Nilipanga mulongo ku darasa, bidon saba, na msumari mu ukuta ndio robine. Kosa iliyokuwa ndani, Providence ndiye aliyeipata, juma ya kwanza. Jeancy alikuwa siku ya tatu, akapata homa, hakuja. Providence aliangalia fasi tupu akauliza: "Madame, kama Jeancy hakupona, siku ya tatu haitafika?" Nikaogopa, nikaona vikwembe tena. Tangu pale, kila siku ya kwanza tunabadilisha. Leo wewe ni siku ya pili, juma ingine wewe ni siku ya Mungu. Na kama mutoto hayuko, mwenzake anashika bidon mbili. Siku inapita, hata mwenyewe akilala nyumbani. Kisha anayemaliza kuchota anakwenda ku kalenda na kuweka alama mu kisanduku cha leo. Sasa wanajua ile kalenda chini ya kamyo ni ya nini. Ni mulongo, lakini wa karatasi.

Inspecteur alitangazwa leo, siku ya ine. Alikuja juzi, siku ya pili! Asubuhi, bila kupiga hodi, mwanaume mureefu wa miwani, Papa Stanislas. Directrice nyuma yake, uso kama ukuta. Mimi nilikuwa na chaki mu nywele.

Alisema: "Nilisikia habari ya darasa hii." Akanionyesha kidole ku nguo, akauliza watoto: "Leo Madame amevaa maua. Leo ni siku gani?" Wakasema wote: "Siku ya pili!" Akasema: "Mumejua juu ya maua?" Wakacheka! Jeancy akamujibu: "Papa, nguo haichote maji."

Hakuelewa. Nilimuonyesha mulongo. Aliangalia, aliangalia, kisha akafanya nini? Alichukua bidon akaja kusimama ku msumari, mbele ya wote. "Mimi ni siku ya tano. Nina haraka. Leo ni siku ya tano." Nikasema mu moyo, nimekwisha, ni mutu mukubwa, watamuogopa. Providence akatoka mu mulongo, mikono ku kiuno, kama vile unavyosimama wewe, Mama: "Papa, rudi nyuma! Siku ya tatu haijachota! Siku ya ine haijachota! Weye ulilala, sasa unataka maji?"

Na alirudi, Mama. Inspecteur, na miwani yake, na bidon ya litre tano, alikwenda kusimama fasi yake nyuma ya siku ya ine, na siku ya ine ni mutoto anayemufika ku goti. Directrice aliangalia dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kisha akamuita mutoto mumoja mumoja ku kalenda. Jana? Kesho? Noël iko siku gani? Walihesabu na vidole. Jeancy alikosea visanduku viwili, mwengine akamuambia "umeruka", akarudi akapata.

Jioni directrice aliniambia matokeo. Ninabakia. Ni darasa yangu. Rapport ya inspecteur inasema "darasa ya kuonyesha wengine". Aliuliza nani alinipa mulongo. Nikasema mama yangu, anauza sombe. Akasema: "Ule wa kasha?" Nikasema ndiyo. Alicheka. Directrice Élisabeth alicheka, mara moja, fupi.

Sasa Mama, nakuomba na mikono miwili. Directrice atasaini karatasi ya kazi yangu siku ya pili, tarehe 9. Alisema: "Nisisikie kwa leki yangu kitu kabla sijaweka kalamu." Usiseme. Mu soko, ku misa, ku lupango, usiseme. Siku ine tu. Utaweza?

Binti yenu,
Viviane


Likasi, Kikula
Siku ya tano, 5/12/2025

Mutoto yangu, mutoto yangu, mutoto yangu,

Jambo sikuandika, nimeanza na machozi, utasamehe. Barua yako nimeisomea papa yako kwa sauti ya chini, mulango imefungwa. Ku ile fasi ya inspecteur kurudi nyuma, alifunika uso na kofia. Kisha akasema "Ni muzuri", akavaa viatu, akatoka kutembea. Unamujua.

Kusema sitasema. Siku ine ni nini? Sitatuma hii barua leo, nitaandika kidogo kila siku, juu nisipoandika nitapasuka.

Siku ya posho. Nimekwenda soko na kitambaa ku mudomo, nimesema ni jino. Mama Jessica aliuliza Viviane anaendelea namna gani. Nilijibu: "Iko." Akasema: "Iko tu?" Nikasema: "Iko na anakula." Aliniletea tangawizi ya kunywa, anafikiri niko mugonjwa sana.

Siku ya Mungu. Ku misa, wakati ya matangazo, Abbé aliuliza kama kuko familia iko na furaha ya kugawanya. Nilikamata benchi. Vidole iliuma. Bamama ya kundi bote baligeuka kuniangalia, sijui juu ya nini. Ku wimbo ya mwisho niliimba kwa nguvu mpaka mupiga ngoma akapoteza kipigo.

Siku ya kwanza. Mubaya kupita zote. Leki ya directrice, ule wa samaki, alikuya mwenyewe ku meza yangu. Alinunua matembele, yeye ambaye hapendi matembele. Akaniangalia mu macho: "Mama Viviane, hakuna habari?" Nikasema: "Mvua." Akaondoka anatikisika.

Siku ya pili, 9/12. Sikia sasa, Viviane, nimekaa, napumua.

Saa ine ya asubui telefone ya papa yako ililia mu mufuko yangu, aliniachia leo juu ya jino. Sauti ya mwanamuke: "Mama Viviane? Ni Élisabeth wa Kakanda, Viviane alinipa numero. Nimesaini. Sasa unaweza kupanda kasha." Na minye, ambaye soko yote inajua sauti yangu toka barabara ya juu, nilisema "aksanti" kama mutoto wa komunio.

Nikaweka telefone. Nikatoa kitambaa. Nikavuta kasha. Nikapanda. Nikafungua kinywa: "Bamama—"

Na bote, kutoka nyanya mpaka samaki mpaka makala, balisema pamoja: "RUDI NYUMA YA MULONGO, SIKU YA TATU HAIJACHOTA!"

Balijua! Toka siku ya posho asubui balijua yote, inspecteur, bidon, mutoto na mikono ku kiuno. Balikuwa bananiangalia siku tatu, balishindania hata soda, Gertrude atapasuka siku gani. Mama Jessica alishindwa, alichagua siku ya Mungu. Leki ya directrice njo alishinda, alisema sitapasuka, na yeye pia hakumuambia mukubwa wake.

Nani aliwaambia? Mutoto yangu, nilikimbia nyumbani na apron. Papa yako alikuwa anatengeneza kiti. Nikamuuliza: "Mathieu! Ni weye? Ile siku ya tano, kutembea, ulitembea wapi?" Alimaliza msumari moja. Akasema: "Fasi yote."

"Juu ya nini?"

Akaweka nyundo chini. "Gertrude, miaka makumi mbili na munane kila habari ya hii nyumba ni weye njo unatangaza. Huyu mutoto ni wangu pia. Nilitaka kuwa wa kwanza mara moja."

Sasa ni mangaribi. Barabara yote iko mu lupango yetu, na papa yako amesimama anaelezea tena namna inspecteur alirudi nyuma. Anakosea fasi mbili. Nimeuma ulimi, namuacha aendelee.

Mama yako na Papa yako, yeye mbele,
Mathieu na Gertrude